Kibalbu cha Mzee Lemayian

Mliponiambia, mafundi wenzangu, niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu dukani, nilidhani mnataka maneno ya kunifariji, kwa sababu mstaafu hupewa kazi kama vile mtoto hupewa kalamu atulie. Lakini nimekaa na daftari wiki tatu sasa, na mke wangu anasema tangu nianze kuandika sijamuuliza hata mara moja chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Basi nitaandika. Mshahara wangu mnaujua, na cheo sikuwahi kuwa nacho cha kusimulia. Nitaandika kuhusu kazi, na kuhusu mtu mmoja ambaye nilimwonea wivu kwa miaka mingi kuliko niliyosoma shule.

Nilifika Kitengela nikitoka Bungoma na cheti cha umeme na suti moja. Barabara kuu ilikuwa na vumbi, na ng'ombe walipita mbele ya duka la Mzee Ndirangu kila asubuhi kana kwamba wao ndio wateja. Mzee Ndirangu alikuwa fundi wa redio tangu ujana wake kwao Nyeri. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, na hakupenda maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa kiti na redio iliyokuwa ikikoroma.

"Barasa, usiifungue," akasema. "Isikilize."

Nilisikiliza tangu saa mbili hadi saa sita. Nilidhani ananidharau. Saa sita akaniuliza nimesikia nini, nikamwambia inakoroma zaidi lori likipita. Akatabasamu, akanipa bisibisi. Lehemu moja ilikuwa imelegea na mtikisiko ndio uliokuwa ukiitesa. Hayo ndiyo mafunzo aliyonipa siku ile, na hadi leo fundi anayefungua kifuniko kabla hajauliza mwenye nyumba swali hata moja, mimi humwona kama daktari anayekuja na kisu mkononi.

Tulitengeneza televisheni zilizowashwa kwa betri ya gari. Baadaye tukapanda mapaa kufunga antena, halafu madishi, halafu dikoda zikaja na kila nyumba ikataka moja. Kisha televisheni zikawa bapa, zikapanda ukutani, na wenye nyumba wakaanza kuona haya kuonyesha dikoda. Wakaagiza makabati mazuri ya mbao yenye milango, wakafungia mle ndani dikoda, redio na spika zote. Wakarudi kukaa kwenye kochi, wakabonyeza rimoti, na hakuna kilichotokea. Rimoti hutuma mwanga usioonekana, na mwanga huo haupiti kwenye mbao, hata mbao ziwe za bei gani.

Hapo ndipo tulipoanza kufunga kile tulichokiita jicho. Mnakijua, lakini wapo miongoni mwenu ambao siku hizi wanafunga tu rimoti zisizohitaji kulenga, kwa hivyo nitakieleza. Kuna jicho lenyewe, dogo kama punje ya haragwe, ambalo unalibandika chini ya televisheni mahali rimoti inapoelekezwa. Waya wake unaingia kwenye kisanduku kilicho ndani ya kabati. Kutoka kwenye kisanduku kunatoka waya mwingine mwembamba wenye kibalbu mwishoni, na kibalbu hicho kina gundi nyuma. Unakibandika juu ya uso wa dikoda, pale pale ambapo dikoda inapokelea rimoti. Jicho linaona, kisanduku kinapeleka, kibalbu kinainong'oneza dikoda. Kazi yote iko kwenye kubandika. Mulika uso wa dikoda kwa tochi hadi uone kidoa cheusi nyuma ya plastiki. Shika kibalbu kwa mkono kwanza, jaribu, sogeza, jaribu tena, ndipo ubandike. Ukitaka kujua kama kibalbu kinawaka, kiangalie kwa kamera ya simu, utaona mwanga wa zambarau ambao macho yako hayauoni. Na usilaze waya wake pamoja na waya wa stima. Nimesema haya mara elfu na bado naona watu wanazifunga nyaya pamoja kama kuni.

Kwa miaka kadhaa, kazi ya jicho ilikuwa yangu. Mteja akipiga simu, Mzee Ndirangu alisema, "Nitamtuma Barasa." Sikujua jinsi nilivyopenda sentensi hiyo hadi siku aliposema jina lingine.

Tipape alikuja akiwa mtu mzima mwenye familia, mdogo wangu kwa miaka kama minane. Alikuwa amefunga sola kwa miaka mingi kule Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na tabia ya kuingia nyumba ya mtu akasimama kidogo mlangoni kabla ya kusema neno. Mimi niliona ni ushamba. Mzee Ndirangu aliona kitu kingine.

Kulikuwa na nyumba Nkoroi, ya mama mmoja mwalimu. Jicho nililomfungia lilifanya kazi asubuhi na usiku, lakini alasiri lilikataa kabisa. Nilienda mara tatu. Nilibadilisha betri za rimoti, nikabadilisha kibalbu, nikabadilisha kisanduku kizima. Kila nikiwapo, lilifanya kazi, kwa sababu nilikuwa naenda asubuhi. Mara ya nne Mzee Ndirangu akanituma na Tipape. Tipape hakufungua kabati. Alikaa kwenye kochi, akakubali chai, akazungumza na yule mwalimu habari za mvua hadi saa kumi. Mimi nilikuwa nachemka. Saa kumi jua likashuka likaingia kwenye dirisha la magharibi, likapiga televisheni, na rimoti ikakataa.

Tipape akainuka, akaweka kiganja juu ya jicho kulikinga. Rimoti ikakubali.

"Jua linaongea kwa sauti kubwa kuliko rimoti," akasema. "Jicho halisikii."

Akalihamishia upande wenye kivuli, dakika tano, tukarudi. Alifanya kile ambacho Mzee Ndirangu alinifundisha mimi siku yangu ya kwanza. Alikaa akasikiliza. Mimi niliyefundishwa nilikuwa nimesahau, na yeye ambaye hakufundishwa na mtu alikuwa anajua. Hiyo ndiyo sehemu iliyoniuma.

Wiki ile Mzee Ndirangu alitoa mita yake ya zamani ya kupimia umeme kwenye droo, ile yenye mshale na kasha la ngozi, aliyoitumia tangu Nyeri. Nilikuwa nimeimezea mate kwa miaka kumi na moja. Akampa Tipape. Aliniambia, "Wewe uko na yako mpya, Barasa." Kweli nilikuwa nayo. Nilienda nyuma ya duka nikapanga maboksi ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Kutoka hapo wateja wakaanza kumuulizia. Nilikuwa nikigonga mlango, mwenye nyumba anachungulia, anatazama nyuma yangu kuona kama kuna mwingine. "Leo Tipape hayuko?" Nilisikia swali hilo Laiser Hill, nikalisikia Isinya, nikalisikia hata kwa jirani yangu mwenyewe. Wivu si kama hasira. Hasira ina siku yake, inakwisha. Wivu nilikula nao, nikaenda nao kanisani, na nilipopiga magoti kuomba, ulipiga magoti kando yangu.

Sasa nifike Kajiado.

Mzee Lemayian alikuwa mfugaji na mtu wa kusikilizwa pale mjini, hadi alipopata kiharusi. Mguu na mkono wa kulia vikafa, ulimi ukawa mzito. Mkono wa kushoto ulibaki, lakini dhaifu. Mke wake, Mama Sein, alimweka kwenye chumba cha kulala chenye dirisha la kuangalia boma. Walikuwa na televisheni ndogo mle chumbani iliyopokea picha kwa waya kutoka dikoda ya sebuleni. Ila dikoda ilikuwa kwenye kabati upande mwingine wa ukuta, kwa hivyo kila alipotaka kubadilisha stesheni ilibidi amwite mkewe. Kwa ulimi ule, kuita kulikuwa kazi. Mtu aliyekuwa akiamua maneno ya ardhi na ng'ombe alikuwa hawezi kuamua aangalie nini.

Tipape ndiye aliyewafungia jicho. Alipitisha waya darini kutoka chumbani hadi kabatini, akalibandika jicho karibu na kitanda mahali ambapo mkono dhaifu ungeweza kulielekezea rimoti bila mzee kuinuka. Alirudi Kitengela akasema mzee alibadilisha stesheni zote, moja baada ya nyingine, akicheka nusu ya uso. Mtu wa mazoezi ya viungo aliwaambia kwamba vidole vile vikiendelea kubonyeza vitapata nguvu. Mzee Ndirangu alisimulia habari hiyo kwa kila mteja aliyeingia. Niliisikia mara sita kwa siku moja.

Baada ya mwezi Mama Sein akataka redio yao iongezwe kwenye jicho lile lile, ili mzee apate kusikiliza idhaa ya Kimaasai. Tipape alikuwa na kazi kubwa Laiser Hill, basi nikatumwa mimi.

Mama Sein alifungua mlango. "Sopa, fundi. Tipape hayuko?"

"Ni mimi nimekuja, Mama."

"Haya, karibu. Mzee alikuwa anamngoja sana."

Niliingia chumbani kumsalimu. Mzee Lemayian aliinua kichwa, akatazama mlangoni nyuma yangu. Akajikaza kwa ulimi wake mzito, silabi kwa silabi: "Ti-pa-pe?"

"Ako na kazi kwingine, Mzee."

Akarudisha kichwa kwenye mto. Mama Sein akasema kwa upole, kama anayenieleza, "Tipape humwita mtoto wake. *Enkerai ai*."

Nilirudi sebuleni nikafungua kabati. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nilibandika kibalbu cha pili kwenye redio, nikajaribu, ikakubali. Halafu nikatazama kibalbu cha Tipape kwenye dikoda. Kilikuwa kimebandikwa sawasawa kabisa, waya umelazwa vizuri, umeshikwa kwa tepu nyeusi mahali pawili. Mimi mwenyewe nisingeweza kukibandika vizuri zaidi. Nikaweka ukucha chini yake, nikakibandua, nikakibandika tena pembeni, upana wa kidole kimoja.

Nilikuwa nimehesabu vizuri. Kibalbu kikitoka kabisa, dikoda hukataa kila mara, na mtu anajua kifaa kimeharibika. Kikisogea kidogo, dikoda husikia mara moja kati ya nne au tano. Nilitaka walalamike. Nilitaka Mama Sein apige simu aseme kazi ya Tipape ina kasoro, na Mzee Ndirangu aseme ile sentensi yangu ya zamani, nami nije nirekebishe kwa dakika moja mbele ya watu wote. Hilo tu. Sikumfikiria mzee hata kidogo. Nilikunywa chai yao, nikaondoka.

Simu haikuja. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Kila simu ilipolia dukani nilisimamisha kazi. Wiki ya tatu ikawa ni Mama Sein. Mzee Ndirangu alikuwa na masikio mabaya kwa hivyo aliweka sauti ya nje, tukasikia sote.

"Naomba mje mtoe kile kitu mliweka," alisema. "Hakina kosa, ni Mzee. Mkono wake umekwisha."

"Umekwisha vipi, Mama?" Mzee Ndirangu akauliza.

"Anabonyeza, hakuna. Anabonyeza tena mpaka anatoka jasho. Mimi nilichukua rimoti nikabonyeza mara moja, ikakubali. Kwa hivyo si mashine. Ameona mwenyewe kwamba ni mkono. Ameacha mazoezi. Hata kijiko amekataa kushika. Ananiambia niite watoto wote waje, agawe ng'ombe."

Mama Sein alikuwa amebonyeza mara moja tu, na mara hiyo moja ilikuwa ile inayokubali.

Sikumbuki nilichokuwa nimeshika. Nakumbuka tu kwamba Tipape alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akanigeukia, akaniita kwa jina la mwanangu: "Sitoi mpaka nione. Baba Nekesa, twende wote, ni wewe umekuwa huko mwisho."

Barabara ya kwenda Kajiado mnaijua. Nilikuwa najiambia nitamtangulia kwenye kabati, nikirudishe kibalbu kabla hajaangalia. Lakini tulipofika alipiga hodi, akasimama mlangoni kama kawaida yake, akaenda moja kwa moja kabatini akapiga magoti na tochi.

Kabati huwa na vumbi. Pale kibalbu kilipokuwa mwanzo palibaki alama safi ya duara, na gundi kidogo. Kando yake ndipo kibalbu kilipokuwa. Gundi haitembei hivyo. Ikilegea huanguka chini, haiendi pembeni ikajibandika tena. Tipape alitazama alama ile kwa muda mrefu. Halafu akaniangalia. Hakuwa na hasira usoni, na laiti angekuwa nayo. Akakibandua, akakirudisha mahali pake, akakikandamiza kwa kidole gumba, akainuka tukaingia chumbani.

Mzee Lemayian alikuwa amegeukia ukuta. Alikuwa amekonda. Rimoti ilikuwa juu ya meza, mbali naye. Tipape akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwamkia kwa Kimaasai, halafu akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie:

"Mzee, mkono wako ni mzima. Kibalbu kilikuwa kimesogea."

Mzee akageuka polepole. Akauliza jambo, na Mama Sein akarudia kwa niaba yake ili tuelewe. "Anauliza, kilisogea chenyewe?"

Tipape hakujibu. Angeweza kusema ni joto. Angeweza kusema ni panya, panya husingiziwa mambo mengi katika kazi hii. Alinyamaza tu na kuangalia mikono yake, na katika ule ukimya nikajua kwamba hatanisaidia kudanganya na pia hatanishtaki.

"Nilikisogeza mimi," nikasema.

Mama Sein akashika mdomo. Mzee akanitazama kwa jicho lake zima. "Kwa... nini?"

Nilikuwa na majibu mengi njiani. Lililotoka ni hili: "Kwa sababu nilipoingia ulimuulizia yeye."

Mbuzi walikuwa wanalia nje. Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, unatetemeka, na Tipape akamwekea rimoti kwenye kiganja. Akaelekeza kwenye jicho. Akabonyeza. Stesheni ikabadilika. Akabonyeza tena, ikabadilika. Alizipitia zote, mahubiri, katuni, mpira, habari, akafika mwisho akaanza upya, na machozi yalikuwa yanashuka upande mmoja tu wa uso. Mama Sein alikuwa amesimama ameshika pazia, analia kwa sauti.

Alipochoka, alisema maneno ambayo nilielewa bila kutafsiriwa, kwa sababu aliyasema kwa Kiswahili na kwa taabu kubwa. "Nilikuwa... nimeshakufa. Wiki tatu."

Nikapiga magoti kwenye saruji nikaomba msamaha. Hakunipa siku ile. Alinionyesha kigoda kwa rimoti. "Kaa. Habari ya saa saba... inaanza." Nikakaa kigodani. Tipape alibaki pale kwenye ukingo wa kitanda, goti lake limegusa blanketi la mzee. Tuliangalia habari yote hadi hali ya hewa. Nami nitawaambia ukweli, kwa kuwa ndio sababu ya kuandika. Hata katika saa ile ya aibu, niliona nani amekaa kitandani na nani amekaa kigodani, na iliniuma.

Tukirudi, karibu na Isinya, nikamuuliza, "Utamwambia Mzee Ndirangu?"

"Ni yako hiyo," akasema. "Utamwambia wewe."

Sikumwambia. Mzee Ndirangu alifariki akiamini gundi ilikuwa mbaya, na hata alibadilisha duka ambako tulikuwa tunanunua vibalbu. Tipape naye hakumwambia mtu, si wakati ule, si hata alipoachiwa duka. Ningependa kuwaandikia kwamba hapo wivu uliisha. Ulihama tu. Kabla yake nilimwonea wivu kwa mikono yake, baadaye nikamwonea wivu kwa kinywa chake, kwa namna alivyoweza kubeba jambo langu miaka yote bila kuliinua hata tulipogombana. Mimi nisingeweza. Ningelisema siku ya kwanza, tena kwa furaha.

Kajiado niliendelea kwenda, kila mwezi, kukagua jicho lile bila kutumwa. Mwaka wa pili Mzee Lemayian aliweza kushika kikombe kwa mkono ule wa kushoto bila kumwaga. Alinionyesha. Hakuwahi kuniita mtoto wake, na sikustahili. Alipokufa nilikaa nyuma kabisa kwenye mazishi, na Mama Sein akaniletea chai kule nyuma, mwenyewe, kwa mikono yake.

Kwenye sherehe ya kuniaga, Tipape alisimama akasema kwamba katika miaka yote Barasa ndiye fundi aliyemfunza kuwa mwangalifu na kibalbu, kwamba hakuna anayekikagua mara nyingi kama yeye. Mlipiga makofi. Nilimtazama usoni nikitafuta kama ananidhihaki, na hakuwa. Alikuwa anasema kweli, tena nusu ile nzuri ya kweli, na nusu nyingine akainyamazia kama alivyoinyamazia siku zote. Nilipokea saa ya ukutani, nikashukuru, nikakaa.

Nusu ile nyingine ndiyo hii hapa. Someni nyote, halafu mpeni Tipape asome wa mwisho, na mumwambie kwamba sasa anaweza kupumzika.